Barua kwa mwanangu: toa maji kwanza, tzatziki itakuja yenyewe

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Athens. Huku hatujambo sote, joto limeshaanza na madirisha ya mtaa wetu wa Kypseli yanalala wazi. Ujumbe wako nimeupata, kwamba Idi ya kuchinja unataka kuwachomea wenzako mishkaki na uweke mezani tzatziki kama ile uliyokula ulipokuja kunitembelea. Nimefurahi mno. Nimefurahi pia kwamba umeniuliza kabla ya kununua lile kopo la dukani, maana bei uliyonitajia imeniuma moyo, na kopo lenyewe hulihitaji. Kila kitu unacho hapo hapo Tanga, isipokuwa mafuta mazuri ya zeituni, na hayo nimempa mama mdogo wako akuletee.

Tzatziki ni mtindi uliotolewa maji, ukachanganywa na tango lililotolewa maji. Thomu, siki, mafuta na chumvi vinakuja nyuma yake. Nimekaa jikoni kwenye mgahawa wa Kigiriki miaka mingi sasa, na kila bakuli lililorudishwa jikoni kwa sababu limechuruzika lilikuwa na sababu moja tu: aliyelitengeneza alikuwa na haraka. Kwa hiyo anza siku moja kabla.

Neno "Kigiriki" kwenye kopo lisikubabaishe. Kule Uingereza kampuni mbili zilifikishana mahakamani kwa ajili yake, Fage ya Ugiriki na Chobani ya Marekani, na mwaka 2013 hakimu akaamua kwamba mtindi uliotengenezwa Marekani usiuzwe huko kwa jina la mtindi wa Kigiriki, ingawa nao umechujwa. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2014. Waachie wenye kampuni jina lao. Wewe ukishika kopo lolote, ligeuze usome nyuma. Likiwa na maziwa na vimelea vya kugandisha tu, ni zuri. Ukiona wanga au jelatini, huo umefanywa mzito kwa kutiwa vitu, na hata ukijaribu kuuchuja hautoi maji vizuri, kwa sababu vitu hivyo vimeyashika.

Mtindi wa pakiti usio na sukari wala vanila unafaa. Mwingi wake ni mwepesi, wa kunywa, kwa hiyo ukunje kitambaa mara mbili unapouchuja na uupe muda zaidi. Lakini mimi ningependa ugandishe mwenyewe, walau mara ya kwanza, ujue kinachotokea.

Chukua lita mbili za maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta. Ukinunua kwa muuza maziwa wa baiskeli, usithubutu kuyatumia mabichi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu, na mtindi hauviui. Yachemshe taratibu huku ukikwangua chini kwa mwiko yasishike. Hata ya pakiti, yapashe mpaka yakaribie kuchemka, nyuzijoto 85 hivi, uyaweke hapo kama dakika kumi. Moto huo ndio unaofanya protini zilizomo kwenye maji ya maziwa zishikamane na zile nyingine, mtindi ukaganda imara badala ya kuwa tepetepe.

Epua, yaache yapoe hadi nyuzi 43 au 45. Najua kipimajoto huna. Osha mikono, chovya kidole cha mwisho, uhesabu taratibu. Ukifika kumi ukahisi kinaanza kuchoma lakini bado unaweza kuvumilia, yamefika. Hapo chota vijiko viwili vya mtindi ulio hai, yaani ambao vimelea vyake havijauawa, uukoroge na kikombe cha maziwa hayo mpaka usiwe na madonge, urudishe vyote sufuriani. Maziwa yakiwa ya moto mno utaviua vimelea, yakiwa baridi havitafanya kazi. Kimojawapo cha vimelea hivyo kilitambuliwa mwaka 1905 na kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, aliyekuwa Geneva wakati huo, nacho mpaka leo kinabeba jina la nchi yake. Wabulgaria hawakuachi ukae nao dakika tano bila kukutajia habari hiyo, na mimi nawapa haki yao.

Kama mbegu uliyonayo ni maziwa mgando ya kienyeji, hiyo haitaki joto kubwa hivyo. Acha maziwa yapoe kabisa ndipo utie, yataganda hapo mezani. Ladha itakuwa ya upole zaidi na tzatziki itatoka vizuri tu.

Funika sufuria, ivike taulo, iweke kabatini usiiguse. Usiifunue kuchungulia na usiitikise, maana mtindi ukichezewa kabla haujashika hutengana. Kwa joto la Tanga saa tano au sita zinatosha. Usilale nao nje ukauamkia asubuhi umekuwa mkali.

Sasa kuchuja. Tandika kitambaa cha shashi ndani ya chujio, au kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, maana maziwa hunyonya harufu haraka. Chujio likae juu ya bakuli refu ili maji yanayodondoka yasiufikie mtindi. Mimina, kunja ncha za kitambaa juu yake, weka kwenye friji. Baada ya saa nne utakuwa na mtindi mzito wa kula na asali. Kwa tzatziki uache usiku kucha. Umeme ukikatika, chuja mchana ukiwa karibu, uhamishie kwenye chombo chenye barafu, kwani nje kwenye joto hauachi kuchachuka. Lita mbili zitakuachia kilo moja, au pungufu kidogo. Ukikifunua kitambaa asubuhi, mtindi utakuwa umebaki na alama za nyuzi zake ubavuni, na ukiuchota kwa kijiko, shimo halijifukii. Hapo ndipo.

Yale maji ya manjano yaliyobaki chini usiyamwage. Kandia unga wa mkate wa ajemi, uone utakavyolainika.

Tango nalo. Zaidi ya asilimia 90 ya tango ni maji, na ukiliweka lilivyo ndani ya mtindi, chumvi italikamua humo humo bakulini mbele ya wageni wako. Huku majira ya baridi tunatumia matango ya vitalu vya kisiwa cha Krete, marefu, ngozi nyembamba, mbegu hazionekani. Ya sokoni kwenu ni manene, ngozi ngumu, mbegu nyingi. Lakini yana harufu nzuri kuliko haya ya vitaluni, ukweli lazima niuseme. Yamenye, yapasue kwa urefu, ukombe mbegu zote kwa kijiko. Kabla ya yote onja ncha ya upande wa kikonyo, maana uchungu wa tango hukaa huko na chini ya ngozi. Likiwa chungu, liweke pembeni, halitafaa kwa namna yoyote.

Yaparuze kwenye matundu makubwa ya kikwangulio cha karoti, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache kwenye chujio nusu saa. Kisha chota konzi moja moja ndani ya kitambaa safi na ukamue. Usikamue kwa adabu. Kamua, zungusha kitambaa, kamua tena, mpaka maji ya kijani yaache kutiririka na yaanze kudondoka, halafu yaache hata kudondoka. Matango mawili makubwa yatabaki donge linaloenea kiganjani, na ukilifungua linabaki na alama za vidole vyako. Watu wengi wakiona limekuwa dogo hivyo hushikwa na huruma wakaongeza tango. Usiongeze. Nusu kilo ya mtindi inataka donge moja la namna hiyo.

Thomu ndipo watu wanapogombana, hata hapa kazini. Kwa nusu kilo weka punje mbili za wastani, au moja ikiwa ni kubwa. Toa kile kichipukizi cha kijani kilichomo katikati. Zitwange kwenye kinu kidogo na chumvi chembe mpaka ziwe uji kabisa, kusiwe na kipande cha mtu kukitafuna. Ukali wa thomu haumo ndani ya punje nzima, huzaliwa pale inapopondwa, na ukikaa kwenye mtindi unazidi kuenea. Tzatziki inayoonekana ya upole saa kumi jioni, saa mbili usiku itakuwa imeshapata sauti. Kwa hiyo usiongeze thomu papo hapo kwa sababu umeonja hukuisikia. Subiri.

Tia thomu kwenye kijiko kikubwa kimoja cha siki nyeupe, iache humo dakika chache, siki itaipunguza makali. Wapo wanaotumia limau. Mama mwenye mgahawa wetu, ambaye ni mtu wa kisiwa cha Lesvos, hataki kusikia limau likitajwa kwenye tzatziki, na mimi nimekuwa upande wake: siki hukaa nyuma kimya, limau linataka kuonekana. Lakini ukiwa huna siki, limau halitakuharibia Idi.

Weka nusu kilo ya mtindi kwenye bakuli pana. Tia thomu na siki yake, kisha mafuta ya zeituni vijiko vitatu vikubwa, kidogo kidogo, ukikoroga kwa uma au mwiko mpaka uone mtindi unang'aa. Blenda usiiguse kabisa. Itauvunjavunja mtindi na kazi yote ya usiku itarudi kuwa maziwa. Mwisho tia tango, changanya bila nguvu, onja ndipo uamue chumvi, kwa sababu tango lilikuja na yake.

Kuhusu majani: wengi huku huweka shibiti iliyokatwakatwa ndogo ndogo, wengine nanaa, wengine hawaweki chochote. Shibiti ukiikosa sokoni, ulizia kwenye maduka ya Wahindi. Nanaa unayo hapo uani kwa bibi yako, majani machache tu yatatosha. Usichanganye vyote viwili. Na bizari nzima na pilipili mbichi uziache kwa ajili ya ile kachumbari ya mtindi tunayolia biriani, ambayo ni nyepesi na ina kazi yake. Waturuki nao wana ya kwao iliyozimuliwa kwa maji, huliwa kwa kijiko. Hizi zote ni ndugu, lakini ya Kigiriki ni ile inayosimama kwenye kipande cha mkate bila kudondoka.

Ifunike, irudi kwenye friji saa mbili au tatu kabla ya kula. Haipendi kuharakishwa hata hapa mwisho. Ikikaa siku tatu bado ni nzuri, baada ya hapo thomu inakuwa ndiyo mwenye nyumba.

Huku haiwekwi pembeni ya sahani ya mtu mmoja kama sosi. Inawekwa katikati ya meza, kila mtu anachovya mkate wake, nyama inakuta watu wameshaanza kuzungumza. Wakati wa Kwaresima yao Waorthodoksi hawali nyama wala maziwa, kwa hiyo wanaofunga kweli huikosa wiki zote hizo, na siku ya Pasaka, mwanakondoo anapozungushwa juu ya makaa, nayo inarudi mezani. Ukiwaona nyuso zao siku hiyo utafikiri ni sisi jioni ya mwandamo. Kwa hiyo kuiweka kwenye Idi ya kuchinja, na mishkaki ya mbuzi, naona ni mahali pake kabisa.

Usiishie kwenye mishkaki. Jaribu na samaki wa kukaanga, jaribu na biringani lililokatwa vipande vyembamba ukalikaanga mpaka likauke, ambalo huku huagizwa sana pamoja nayo. Na jaribu na muhogo wa kukaanga, ambao Wagiriki hawaujui. Nilimwonjesha mama wa Lesvos ulipopatikana kwenye duka moja la Waafrika hapa Kypseli, akaniuliza kwa nini nimemficha miaka yote hiyo. Chapati ni laini mno kwa kazi hii. Chukua mkate wa ajemi, uuchome kidogo juu ya makaa yaliyobaki.

Siku ya kuitoa, itandaze kwenye sahani bapa, chora mfereji kwa mgongo wa kijiko, mwagia mafuta ya zeituni yatulie humo, weka zeituni mbili tatu nyeusi kama umezipata. Bibi yako mpe yake kando isiyo na thomu nyingi, unajua presha yake na dawa anazotumia, na chumvi pia umpunguzie.

Mama mdogo anafika Jumatano. Chupa ya mafuta ameifunga ndani ya taulo la bluu, mwambie asiiweke juani. Ukishaanza kuchuja nipigie tuonane kwenye simu, unionyeshe kitambaa kabla hujaukoroga mtindi, nikuambie kama umefika. Wasalimie wote nyumbani, na mpe bibi yako mkono wa Idi kwa niaba yangu.

Mama yako akupendaye.