Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: maradhi yanayoandamana na miasthenia

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Nakuandikia nikiwa mlezi wa mdogo wangu mwenye miasthenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia sehemu ambapo neva hukutana na msuli, hata kope zikaanguka, mtu akaona vitu viwili viwili, na jioni ikifika akashindwa kutafuna au kuinua mikono ajifunge kilemba. Udhaifu huo una dawa zake, na wataalamu wanazijua. Linalonisukuma kuandika ni maradhi mengine yanayoandamana nao, ambayo mara nyingi hayatafutwi mpaka yamekwisha kuleta madhara.

Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ndiyo mfano ulio wazi zaidi, kwa kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa miasthenia huwa na kinga inayoishambulia tezi hiyo pia. Mdogo wangu alikonda, moyo ukawa unamwenda mbio, usiku akawa analowa jasho, na katika kituo tulichokuwa tukihudhuria kila dalili ikahesabiwa kuwa ni ya miasthenia ileile. Kipimo cha homoni, ambacho huhitaji damu kidogo tu, kilifanyika baada ya miezi mingi. Kilichonitia hofu zaidi nilipoelezwa ni kwamba propranololi, dawa iliyozoeleka kutuliza mapigo ya moyo ya wenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, inaweza kuongeza udhaifu wa misuli kwa mwenye miasthenia. Hivyo daktari asiyejua kwamba mgonjwa wake ana maradhi mawili anaweza kutibu ugonjwa mmoja huku akiuchochea wa pili.

Ipo pia tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 huwa na uvimbe ndani yake, nao usipoondolewa unaweza kuenea kifuani. CT-skani ya kifua, yaani picha ya kina ya ndani ya kifua, huuonyesha, lakini kwa familia nyingi gharama yake pamoja na nauli ya kuifuata mjini hufanya kipimo hicho kiahirishwe mwaka hadi mwaka.

Maradhi mengine huletwa na tiba yenyewe. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili ambayo wengi hawana budi kuimeza kwa muda mrefu, hupandisha sukari na shinikizo la damu, huidhoofisha mifupa, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Maambukizi ya kifua nayo ni miongoni mwa sababu kuu za misuli ya kupumua kushindwa ghafla, na hapo ndipo hatari nyingine inapojitokeza: jentamaisini na siprofloksasini, zinazotumika kutibu maambukizi, pamoja na kwinini, zinaweza kuizidisha miasthenia. Magnesiamu salfeti inayookoa akina mama wenye kifafa cha mimba ina hatari hiyohiyo, ilhali ugonjwa huu huwapata sana wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kwa hiyo naomba mwongozo wa taifa wa matibabu uelekeze kwamba kila anayegunduliwa kuwa na miasthenia apimwe thairoidi na kifua tangu mwanzo, na kwamba kabla ya kuanzishiwa prednisoloni achunguzwe sukari, shinikizo la damu na kifua kikuu, kisha uchunguzi huo urudiwe kwa vipindi. Naomba vilevile vipimo hivyo vihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ili CT-skani isiwe ya mwenye uwezo peke yake.

Ombi linaloweza kutekelezwa mapema kuliko yote ni kadi ya mgonjwa, iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye jina la ugonjwa wake, maradhi mengine aliyonayo na dawa za kuepukwa. Mhudumu wa zahanati ya kijijini, au mkunga wa zamu ya usiku, ataisoma hata kama mgonjwa amefika akiwa hawezi tena kuzungumza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlezi wa mgonjwa, Morogoro