Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa vipindi: wacheni wimbo ufike mwisho

Kwako Bwana Mkurugenzi wa Vipindi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, nakuandikia hadharani kwa sababu ujumbe wa simu tuliokuletea sisi wasikilizaji wako mara chungu nzima hatujauona ukijibiwa, na watangazaji tukiwauliza hutwambia "tutafikisha kwa wakubwa". Nimeona nifikishe mwenyewe. Jina la kituo silitaji. Unajijua, na tunaokusikiliza tunakujua. Asiyehusika halitampunguzia kitu.

Nianze na mazuri, maana yapo na si haba. Mlipotangaza kwamba mtapiga taarab asilia mchana kutwa, wengi wetu hapa Unguja tulicheka. Nani ataweka tangazo lake kwenye redio inayopiga bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia shoo? Leo ukipita Ng'ambo baada ya alasiri, duka kwa duka, ni nyinyi. Watoto waliokuwa wakidhani taarab ni kinanda na vijembe tu, siku hizi wanajua nai inaliaje na udi unaliaje. Kwa hilo tunakushukuru, na wala sisemi ili nikulainishe.

Kizuri kupita vyote ni kile kipindi cha saa tatu usiku cha yule mtangazaji mtu mzima. Yule bwana husema shairi ni la nani, fidla kashika nani, wimbo umerikodiwa wapi, kisha hunyamaza. Tunampenda kwa kunyamaza kwake. Usiku aliopiga santuri za Siti binti Saad hakuzisafisha mpaka zikasikika kama zimeimbwa jana. Aliacha mkwaruzo wake. Akaeleza kuwa Siti na wenzake walivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurikodi, na kuwa upande mmoja wa santuri ya zama zile ulichukua dakika tatu hivi, basi. Ndiyo maana ala zinatangulia kidogo tu na sauti inaingia mbio. Sisi tuliodhani bibi yule alikuwa na haraka tukajua kuwa haraka ilikuwa ya santuri. Akamalizia na "Kijiti", akasema ulitokana na mauaji ya kweli na kesi ya kweli, na kwamba watu wa wakati ule waliupokea wimbo ule kama tunavyopokea taarifa ya habari. Dakika ishirini za redio, na mtu unalala umejifunza kitu.

Sasa niingie kwenye yanayotuudhi.

Mnakata nyimbo. Hili ndilo lililonikalisha kitako kuandika, mengine ni nyongeza. Wimbo wa taarab ya Unguja, uwe wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoanza mwaka 1905 au cha Culture Musical Club kilichoanza 1958, haukutungwa uishe kwa dakika nne. Fidla hutangulia, akodiani ikajibu, mwimbaji amekaa anasubiri zamu yake. Ubeti ukishaimbwa, ala hurudi kuchukua nafasi yao, na hapo ndipo mtu hujiinua kitini, akajongea mbele taratibu na noti yake mkononi, akatunza. Vyote hivyo ni wimbo. Kwenye redio yako tunapata ubeti wa kwanza, kiitikio mara moja, halafu sauti inafifizwa. Na wewe mtu wa pwani unajua kuwa shairi letu mara nyingi huweka dhamira yake mwishoni. Kukata ubeti wa mwisho ni kumfukuza mgeni kabla hajasema lililomleta.

Nikupe mfano mmoja. Alasiri moja nilikuwa kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, nangojea kanzu. Ikaanza taksimu ya ganuni, upigaji wa kubuni papo hapo, peke yake, hakuna dumbak wala besi, mtu mmoja na nyuzi zake. Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani apate kusikia vizuri. Mpigaji akateremka polepole mpaka chini kabisa, akaishika sauti ile, akaizungukia, kisha akaanza kupanda. Palepale katikati ya kupanda akaingia mtu anapiga kelele kuhusu bando la wiki. Fundi hakusema neno. Alirudisha mguu, cherehani ikaendelea. Tangazo lilipokwisha mkaweka wimbo mwingine kabisa, kama kwamba yule wa ganuni hakuwahi kuwapo.

Sababu naijua. Siku hizi redio huendeshwa na kompyuta, tangazo limelipiwa liingie dakika fulani, na chochote kilichopo hewani wakati huo huvutwa chini. Wala sikuambii ukatae matangazo. Mishahara hailipwi kwa bashraf. Nakuambia mpange. Wimbo wa dakika kumi na nne uwekwe penye nafasi ya dakika kumi na nne, matangazo yakusanywe kabla yake na baada yake. Kama nafasi haipo, usipigwe siku hiyo. Bora tuukose kuliko kuonjeshwa.

Utasema wasikilizaji hawana subira. Wazee wetu hapa hapa walikuwa wakifungulia Cairo. Redio ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934 mwimbaji wao Umm Kulthum aliimba siku ile ile ya kwanza, na baadaye kwa miaka mingi tamasha lake la Alkhamisi ya kwanza ya mwezi lilirushwa moja kwa moja, wimbo mmoja ukijinyoosha hata saa nzima. Mwarabu wa kule alifunga duka. Hakutokea mkurugenzi akasema tukate, watu watachoka. Na sisi taarab yetu tumeichota huko huko; inasimuliwa kuwa Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Tulipoiga ganuni tungeiga na ustahamilivu wao.

Na usije ukadhani huu ni ushamba wa Waswahili. Uingereza wana ugomvi huu huu juu ya muziki wao wa kale. Wanayo Radio 3 ya BBC, isiyo na matangazo ya biashara, na wanayo Classic FM iliyoanza 1992, inayoishi kwa matangazo na inayopenda kupiga kipande kimoja cha simfonia na kuacha vingine. Wapo wasikilizaji wa Radio 3 wanaonuna kila wakisikia kituo chao kinaelekea njia hiyo ya vipande vipande. Wazungu wanagombania simfonia zao zisikatwe, sisi tukigombania bashraf tunaambiwa tunapenda ya zamani!

La pili ni majina. Kwetu yupo kijana wa chuo, jirani, ameshikwa na taarab kwa sababu yenu. Akisikia wimbo ukampendeza hukaa na simu mkononi angojee kutajiwa, na anachokipata ni "huo ni wimbo mtamu kabisa kutoka kwa wakongwe wetu". Wakongwe gani? Taarab ina mtu aliyetunga shairi, mtu aliyeutia muziki, na mtu aliyeimba, na mara nyingi ni watu watatu mbalimbali. Mtangazaji wa mchana humtaja mwimbaji peke yake, akikumbuka. Siyo suala la adabu tu, ingawa ni adabu pia. Hapa tuna COSOZA inayosimamia hakimiliki, na mirabaha haiwezi kumfikia mtunzi, au mjane wake, ikiwa kwenye daftari la nyimbo mlizopiga jina lake halimo. Kutaja majina matatu hakumalizi hata nusu dakika.

Kuhusu salamu tumegawanyika, na nitakuwa mkweli. Fundi wangu yule anazichukia; anasema redio imekuwa orodha ya sensa. Shangazi yangu naye ukiziondoa salamu atahama kituo. Kwake ndiyo njia ya kujua fulani wa Makunduchi bado mzima na fulani aliyehamia Muscat bado anawakumbuka watu. Mimi niko upande wa shangazi, kwa sharti moja: salamu zisomwe kabla ya wimbo au baada yake. Mnazisoma juu ya utangulizi wa ala, kwa dhana kwamba maadamu hakuna mtu anayeimba basi hakuna kinachosikilizwa. Na huyo bwana mwenye sauti nzito anayetaja jina la kituo kwa kishindo juu ya fidla, naye apumzike. Tunajua tunasikiliza redio gani, sisi ndio tuliofungulia.

Mnarudia mno, nalo niliseme. Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliimba mengi kabla hajatutoka 2013, lakini kwa kukusikiliza nyinyi mtu atadhani alikuwa na nyimbo mbili. Na mbona taarab yenu haivuki maji? Tanga walikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, magitaa badala ya safu ya fidla, nyimbo nyepesi zinazotembea. Mombasa walikuwa na Juma Bhalo, ambaye watu wa kule wakimsikia mpaka leo hunyamazishana. Zein l'Abdin wa Lamu alikuwa na udi ambao vijana wanaojifunza ala hiyo wangepaswa kuusikia kila wiki. Wote hao ni asilia na wote wanaimba Kiswahili hiki hiki. Kuwasikia kwenu ni bahati nasibu.

Taarab ya kisasa sina ugomvi nayo, ingawa najua kijana mmoja ofisini kwako amezoea kusema sisi ni maadui zake. Rusha roho ina mahali pake. Harusini bila hiyo akina mama wataniuliza kulikoni. Lakini saa mliyoitangaza kuwa ya asilia iwe ya asilia. Mtu aliyekaa kusubiri udi akipigiwa kinanda cha umeme ana haki ya kukasirika, kama ambavyo shabiki wa rusha roho angekasirika mkimpigia bashraf katikati ya sherehe yake.

Ombi langu ni dogo. Tupe Alkhamisi usiku mmoja kwa wiki, baada ya taarifa ya habari, saa nzima isiyoguswa. Ianze kwa bashraf kama shoo ya ukumbini inavyoanza, zifuate nyimbo tatu au nne kamili, na makofi ya ukumbini yasikatwe kama yamo kwenye rikodi. Matangazo yote yakae mwanzo na mwisho. Mfanye hivyo kwa miezi mitatu, kisha muwaulize wafanyabiashara kama wamepoteza.

Kama tatizo ni kwamba rikodi kamili hamnazo, semeni. Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo 1951, na kaseti zilipokuja baadaye watu wa visiwa hivi wakawa wakizitega mbele ya redio na mbele ya majukwaa. Kaseti hizo zimo makabatini hadi leo. Shangazi anazo, nyingine za harusi za miaka ya sabini, wimbo mzima pamoja na vigelegele na mtoto anayelia nyuma. Yuko tayari kuzileta ofisini kwako zinakiliwe, ili mradi apewe karatasi iliyosainiwa kwamba atarudishiwa, maana huko nyuma ameshawahi kuazima watu wa redio na hakuziona tena. Naamini hayuko peke yake. Tangazeni siku moja tu kwamba mnapokea, na muweke mtu mlangoni mwenye daftari.

Wasalaam,
Msikilizaji wako, Ng'ambo, Unguja

Nyongeza: Tumesikia kwamba yule mtangazaji wa saa tatu anahamishiwa kipindi cha asubuhi cha mizaha ya simu. Tafadhali sana, Bwana Mkurugenzi, muacheni pale alipo.