Bi Maktaba ametutoka, chumba chake kisigeuzwe stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimzungumzie mtu ambaye hakuwahi kuandikwa gazetini, na magazeti aliyapenda kuliko walimu wengi niliowafahamu. Mwezi uliopita tumemzika aliyekuwa mkutubi wa shule moja ya sekondari ya serikali hapa Tanga. Jina lake silitaji, familia imeomba hivyo, na waliosoma pale watamtambua kabla hawajafika aya ya tatu. Sisi tulimwita Bi Maktaba. Baadaye hata walimu wakawa wanamwita hivyo kwenye vikao vyao, na nasikia mkuu wa shule mmoja aliwahi kuliandika jina hilo kwenye barua rasmi.

Bi Maktaba alikuwa mkutubi hasa. Siku hizi ukiuliza nani anashughulika na maktaba ya shule, unaonyeshwa mwalimu wa Jiografia mwenye vipindi vya kumtoa jasho na funguo mfukoni. Yeye ukutubi aliusomea, na kabla ya kuja shuleni alifanya kazi katika maktaba ya mkoa, ile ya King George. Alikuwa wa kizazi kilichokua pamoja na huduma yenyewe. Sheria ya kuanzisha bodi ya maktaba ilipitishwa 1963, na Maktaba Kuu pale Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, Bi Maktaba akiwa bado shule ya msingi. Habari ya ufunguzi huo aliisimulia kana kwamba alikaa safu ya mbele.

Nilisoma pale mwanzoni mwa miaka ya tisini. Maktaba yenyewe ilikuwa madarasa mawili yaliyobomolewa ukuta wa kati. Tanga mnaijua hewa yake: masika yakishika, vitabu vinapiga ukungu ndani ya wiki, na jalada lililobandikwa kwa gundi ya dukani linaachia lenyewe kama ganda la ndizi. Bi Maktaba alipambana na hayo kwa vitu vya kawaida kabisa. Miguu ya rafu ilisimama ndani ya makopo ya maziwa yaliyotiwa oili chafu, mchwa wasipande. Nyuma ya vitabu alitandaza majani makavu ya mwarobaini. Kitabu kilichonyonya unyevu alikisimamisha wima kivulini, kurasa zimeachanishwa, dirisha la upande wa upepo likiwa wazi. Juani hakukiweka hata siku moja. Alisema jua linakausha mgongo mpaka unakatika.

Kilichokatika mgongo alikishona. Alikuwa na sindano ndefu ya magunia, uzi alioupaka nta ya nyuki, na msumari wa kutobolea. Alitoboa matundu matano kando ya mgongo, akapitisha uzi kwenda na kurudi, akakaza huku kitabu kimebanwa kwa goti, kisha akabandika kipande cha shuka kuukuu kwa uji wa ngano uliotiwa mrututu kidogo ili mende wasiule. Aliyepoteza au kuchana kitabu hakutozwa hela, aliitwa Jumamosi aje kushona. Ndiyo maana wale wavulana wakorofi wa shule yetu, waliokuwa wakiruka ukuta kwenda Raskazone kuogelea, walihitimu wakiwa mafundi wa kujalidi vitabu. Mmoja anaishi kwa kazi hiyo mpaka leo.

Halafu kulikuwa na karatasi za kaki. Nchi hii tunajua tunavyofanya: mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na masomo yote yanamgeukia Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Wengi wetu tulikuwa hatuwezi kusoma aya moja ya kitabu cha Historia tukaielewa. Dawa ilikuwa vile vitabu vyepesi vya hadithi, vya watoto, vyenye picha kubwa. Lakini kijana wa miaka 15 nani akubali kuonekana kwenye benchi na kitabu chenye picha ya sungura aliyevaa shati? Wenzake watamcheka mpaka mahafali. Bi Maktaba akavivalisha vitabu vyote vya chumba kile, vyepesi kwa vizito, majalada ya kaki ya aina moja, akaandika namba tu mgongoni. Umekaa unasoma, jirani yako hajui kama ni sungura au ni cha kidato cha sita. Hakuwahi kutueleza sababu. Nimeielewa ukubwani, nikiwa dukani kwangu nasoma katalogi ya vipuri kwa Kiingereza bila kumwita mtu anisaidie.

Kiswahili nacho hakukiacha nyuma. Ukiazima cha Kiingereza, unaondoka na cha Kiswahili, hutaki basi viache vyote. Vitabu alivipanga kwa mfumo wa Dewey, ule wa kukipa kila kitabu namba kulingana na somo lake, na hata ukiniamsha usingizini nitakutajia: 400 lugha, 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Fasihi ya Kiswahili imewekwa 896.392, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Huyo bwana Dewey, alikuwa akisema, Mmarekani wa 1876, amewagawia Wamarekani na Wazungu kuanzia 810 mpaka 880, halafu dunia yote iliyobaki akaibananisha kwenye 890. "Haya wanangu, tutafanyaje? Tuijaze hiyo 896.392 mpaka rafu ipinde." Ikapinda kweli, fundi seremala akaitwa kuongeza nguzo katikati.

Kwenye kabati la mwisho alitunza vijitabu vya Mtu ni Afya, ile kampeni ya kitaifa ya elimu ya afya ya 1973. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye vikundi vile vya kusikiliza redio jioni na kujadili. Mkaguzi mmoja alitaka vitupwe kwa kuwa vimepitwa na wakati. Bi Maktaba akamjibu kwa adabu zote, shikamoo mzee, karibu chai, na vijitabu vikabaki palepale. Mwalimu wetu wa Bailojia alikuwa akiviazima kila tulipofika kwenye kichocho na safura, maana michoro yake ilieleweka kuliko ya kitabu cha kiada.

Magazeti, Uhuru na Mzalendo, yalitufikia yamechelewa siku mbili tatu. Yakishasomwa na kila mtu alikata ukurasa wa barua za wasomaji, akaubandika ubaoni, na mwanafunzi mmoja alipangiwa kujibu barua mojawapo kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Ndiyo sababu nimekuandikia wewe, Mhariri, badala ya kuishia kwenye status ya WhatsApp.

Sasa malalamiko. Bi Maktaba alistaafu muda mfupi kabla ya elimu bila ada kuanza Januari 2016. Yaani wanafunzi walipomiminika, mkutubi ndiyo kwanza ametoka. Nafasi yake haikujazwa. Kwa miaka kadhaa aliendelea kuja kwa hiari yake, bila malipo, mpaka magoti yalipogoma. Tulipotoka makaburini, baadhi yetu tulipita shuleni kuangalia. Meza za mtihani zimerundikwa mpaka zimeziba rafu za sayansi. Maboksi ya vitabu vipya yapo sakafuni, kamba hazijakatwa. Makopo ya oili yamekauka na mchwa wameshafika rafu ya pili. Mwalimu aliyetufungulia mlango, kijana mwema kabisa, alituambia anafungua siku akipata nafasi. Kwa mzigo wa vipindi alionao, nafasi hiyo ataitoa wapi?

Nchi hii vitabu haikosi kabisa. Mnakumbuka chenji ya rada, zile pesa tulizorudishiwa baada ya nchi kuuziwa rada: kampuni ya BAE ya Uingereza ililipa pauni milioni 29.5, na vitabu vikanunuliwa kwa ajili ya shule za msingi nchi nzima. Lilikuwa jambo jema. Miaka hiyo nilikwenda kwenye shule moja kumfuatilia mwanangu, nikaviona vikiwa vipya ndani ya kabati la ofisi, vimefungiwa visichafuliwe. Mwalimu akanieleza kwamba kikipotea kimoja atadaiwa yeye. Simlaumu, hata mimi ningefungia. Anayeogopa kudaiwa kitabu ataweka kufuli. Bi Maktaba alikuwa radhi kitabu kichakae mikononi mwa watoto kwa sababu alijua kukishona, na kwa sababu kukaa na vitabu ndiyo iliyokuwa kazi yake, hakuwa na kipindi cha kukimbilia.

Kikundi chetu cha waliosoma pale kimeanza kuchangishana. Wanataka kibao cha marumaru mlangoni chenye jina lake, kizinduliwe na mgeni rasmi, pawe na hema na spika. Nimepinga kwenye kikundi nikaitwa mchoyo, nami napinga tena hapa hadharani. Kibao kwenye mlango wenye kufuli atakisoma nani? Mlinzi. Na mlinzi wa wakati ule, kwa taarifa yenu, alikuwa akiazima vitabu viwili kila wiki, Bi Maktaba alimfungulia ukurasa wake kwenye rejesta kama mwanafunzi.

Pesa hizo zimtafute kijana aliyehitimu Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo. Wapo mtaani wanaendesha bodaboda. Apewe posho ya mwaka mmoja kupitia bodi ya shule, akae mle ndani kuanzia asubuhi mpaka jioni, afungue maboksi, ajaze oili kwenye makopo. Najua halmashauri itasema ikama, yaani idadi ya watumishi walioidhinishwa, hairuhusu. Basi mwaka huo mmoja utumike kuiombea nafasi hiyo kwenye ikama, na halmashauri ikihitaji ushahidi, rejesta za kuazimia za Bi Maktaba zipo zote, zimefungwa kwa kamba ya katani, kila mwaka fungu lake. Pembeni mwa tarehe ya kurudisha aliongeza safu ya maoni, neno moja au mawili tu. Nilifungua ya wakati wetu siku ile. "Nimelia." "Sikuelewa, narudia." "Mwisho wake mbaya." "Kipo cha pili?" Hapo kwenye "Kipo cha pili?" amejibu kwa wino mwekundu: kipo, njoo Jumatatu. Afisa elimu yeyote akae na rejesta hizo nusu saa, halafu atuambie kama shule hii haihitaji mkutubi.

Watakaosema siku hizi kila kitu kipo kwenye simu, waende wakawaulize watoto wa kidato cha kwanza wangapi wana simu, na wenye simu wangapi wana bando la kusomea kitabu kizima.

Jambo la mwisho ni kwenu mliosoma pale. Ukikuta nyumbani, au kwa mama, au chini ya kitanda cha mdogo wako, kitabu chenye muhuri wa shule na jalada la kaki, kipeleke. Ofisi ya makamu mkuu wa shule imekubali kuvipokea siku za kazi mpaka saa tisa alasiri. Faini hakuna. Kama kimechanika kipeleke hivyohivyo, yule fundi wetu wa kujalidi ameahidi kuvishona bure.

Ni mimi msomaji wako,
Muuza vipuri, Ngamiani, Tanga