Si kila goti limeisha mafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongelee magoti. Mimi ni fundi marumaru, na kwenye kazi yetu mtu anapiga magoti na kuchuchumaa toka asubuhi mpaka alasiri, kwa hiyo goti kukaza saiti ni habari ya kila siku. Kinachonikera, ukisema tu goti linabana na lina ganzi basi kila mtu ameshakuwa daktari, "hayo mafuta ya goti yameisha", unaambiwa kunywa supu ya kongoro, kula bamia, ikishindikana pitia duka la dawa ubebe diclofenac, vile vidonge vya maumivu. Kongoro mimi naipenda, tena na ndimu na pilipili, ila haiendi kujaza goti jamani.

Kubana na ganzi ni vitu viwili. Kubana mara nyingi kunatoka kwenye goti lenyewe, labda gegedu, lile tabaka laini la kwenye ncha za mifupa, limelika, hasa kwa watu wazima na wenye uzito mkubwa, au maji yamejaa ndani (kumbe hayajaisha, yamezidi!), au kile kifuko cha mbele ya goti kimevimba, na hiki ndo chetu sisi wa kupiga magoti kwenye zege.

Ganzi sasa ni mambo ya mishipa ya fahamu. Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kifupa kimetokeza, hapo kuna mshipa wa fahamu unapita juujuu tu, ukichuchumaa muda mrefu au ukikaa umekunja nne unabanwa, ganzi inashuka ubavuni mwa mguu mpaka juu ya wayo, na ikizidi unashindwa hata kuinua vidole, unatembea ndala inaburuta. Saa nyingine goti halina kosa lolote, mshipa umebanwa huko kwenye pingili za kiuno. Na kama ganzi imeanzia vidoleni, miguu yote miwili, kapime sukari kwanza. Wale ambao tayari wana sukari na wametumia vidonge vya sukari vya metformin miaka mingi wamuulize daktari kuhusu vitamini B12, ikishuka nayo inaleta ganzi.

Sasa diclofenac ya kila siku hapo itasaidia nini, inatuliza maumivu tu halafu inaweza kukuachia vidonda vya tumbo na figo kuharibika.

Ila ukiona ganzi imefika makalioni na sehemu za siri, mkojo haushikiki au hautoki, usisubiri kuche, nenda hospitali usiku huohuo. Hata shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, linaweza kuwa damu imeganda, hiyo sio ya kuchua.

Na nyie wakandarasi, helmeti mnatugawia, rifleta mnatugawia, pedi za magoti mbona hatuzioni?

Fundi marumaru,
Mbagala, Dar es Salaam