Ndege wa kabatini wana kazi

Mhariri,

Wapo wanaosema ndege waliokaushwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ni mizoga isiyo na faida. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 1967 Derek Ratcliffe, mwanasayansi wa Uingereza, alilinganisha maganda ya mayai ya kozi (ndege mwindaji) yaliyohifadhiwa tangu zamani na ya wakati wake. Aligundua yamekuwa membamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, DDT, dawa ya kuua wadudu, ilipoanza kuenea. Mayai yalikuwa yakivunjika chini ya mama anayeatamia! Marekani iliipiga marufuku dawa hiyo mwaka 1972.

Bila mayai yale ya zamani, angelinganisha na nini? Kila ndege aliyekaushwa naye ana kikaratasi mguuni: mahali na tarehe alipopatikana, hivyo anaweza kulinganishwa na wa leo vivyo hivyo. Serikali itenge fedha za kuwatunza, wasije wakaliwa na wadudu.

Msomaji wenu,
Nairobi