Kopo la asidi amino tatu si chakula cha misuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makopo ya unga wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, yanayouzwa katika majumba ya mazoezi hapa Dar es Salaam, ambayo vijana wetu huambiwa kuwa hujenga misuli na kuondoa maumivu baada ya kunyanyua vyuma.

Hivi karibuni mdogo wangu alikuja na kopo moja ambalo bei yake ingetosha trei kadhaa za mayai. Nilipolisoma nilikuta asidi amino tatu tu, yaani lusini, isolusini na valini. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na hapo ndipo nilipokwazika, kwa sababu zipo asidi amino tisa ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, na msuli haujengwi pasipo zote tisa. Ni kweli kwamba lusini huuashiria mwili uanze kazi ya ujenzi, lakini zile sita zilizobaki zisipotoka kwenye chakula, mwili huzinyofoa katika misuli ileile tunayotaka kuikuza. Mtafiti wa Marekani, Robert Wolfe, alilichambua jambo hili mwaka 2017 na kuhitimisha kuwa madai ya kwamba hizo tatu peke yake hujenga misuli hayana msingi. Kuhusu maumivu, zipo tafiti zilizoonyesha nafuu kidogo, nami sibishi.

Kinachonisikitisha ni kwamba kijana huyohuyo huyadharau makande, akiyaita chakula cha bweni. Mahindi yana upungufu wa lisini (si lusini), mojawapo ya zile tisa, maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, nyingine kati ya zile tisa, ambayo mahindi huifidia. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini yenye asidi zote tisa, na dagaa vilevile wanazo zote. Anayefanya mazoezi mazito hushauriwa kupata gramu 1.4 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na asiyeweza kuzifikisha kwa mlo, unga wa protini ya maziwa ungemfaa kuliko kopo lile.

Kwa kuwa tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, naliomba liwatake wauzaji waandike kwa Kiswahili, mbele ya kopo, ni asidi amino ngapi kati ya zile tisa zilizomo ndani.

Mwalimu wa biolojia,
Dar es Salaam