Barua kwa Hamisi kuhusu misafara ya Mto Mekong

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum. Sisi sote hapa hatujambo, na barua yako imenifikia. Umeshikilia kwamba katika vita vya Kambodia vya 1970 hadi 1975, ndege za Marekani, kwa kuilinda misafara ya mtoni, ndizo zilizoilisha Phnom Penh, mji mkuu, nami nakuunga mkono nusu tu.

Barabara za Kambodia zilipokatwa na Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti waliopigana na serikali, mchele, mafuta na risasi vilipandishwa kwa Mto Mekong kutoka Vietnam ya Kusini, kwa meli na matishari yaliyokokotwa polepole kiasi cha kilomita 100 kutoka mpakani, huku kila kichaka cha ukingoni kikiweza kuficha mtu mwenye kombora begani. Juu ya msafara ilizunguka ndege ndogo ya Marekani ya OV-10, ya kuelekeza mashambulizi ya anga, ambayo rubani wake mara nyingi aliketishiwa nyuma mkalimani wa Kifaransa, kwa sababu maofisa wa Kambodia walikijua Kifaransa kuliko Kiingereza. Hebu fikiria: mwito unapanda kwa Kifaransa, unageuzwa Kiingereza angani, ndipo bomu linashuka, aliyefyatua amekwisha kuhama.

Wala bomu halikumpiga adui peke yake. Tarehe 6 Agosti 1973, ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, B-52, iliupiga kwa makosa mji wa Neak Luong, uliokuwa ngome ya serikali mtoni humo, na watu zaidi ya 100 wakafa. Siku tisa baadaye, kwa amri ya Bunge la Marekani, mashambulizi ya anga yakakoma.

Hapa ndipo hoja yako inapoyumba, ndugu yangu, kwa maana misafara iliendelea kupita kwa zaidi ya mwaka mzima bila ndege hizo, kwani askari wa serikali walikuwa bado wameshika sehemu za kingo. Mashambulizi ya Khmer Rouge ya Januari 1975 yalipowang'oa huko, na mabomu ya majini yakategwa penye wembamba, mto ulifungwa Februari. Mchele ukaanza kuletwa kwa ndege hadi Pochentong, uwanja wa ndege wa Phnom Penh, huku makombora yakiangukia njia ya kurukia, na tarehe 17 Aprili jiji likaanguka mikononi mwa Khmer Rouge.

Ile ramani ya mto uliyoniahidi, naomba usiisahau. Nataka nipime upana wa maji pale Peam Chor, penye wembamba wa mto, nijue tishari lilipita mita ngapi kutoka kichakani.

Wako,
Salum